Kipande cha Pili kwenye Mashine ya Marehemu

Sehemu ya Tisa

"Mwalimu, toa mikono yako kwenye hiyo mashine."

Hapo ndipo tulipomwacha Tusajigwe Jumapili iliyopita. Kakaa kwenye stuli chumbani kwa mjane, disketi iko mkononi, na sauti ya mwanamume imetoka nyuma ya pazia la mlango. Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa maandazi, shauri yako, lakini nitakufupishia, maana mie si mtu wa roho mbaya.

Kaka yake Tusajigwe, Brightson, karani wa yadi ya makontena kule Kurasini, yuko mahabusu tangu mwezi wa nne. Anashtakiwa kumuua karani mwenzake, Mbwana. Maiti iliopolewa baada ya siku tatu ndani ya maji ya chumvi, uso hautazamiki, ikatambuliwa kwa shati na pete. Watu walimwona Brightson akigombana na Mbwana juu ya makontena matatu yaliyotoka getini kwa karatasi za uongo. Kesi inatajwa Jumatatu, na kesi yenyewe ni ya kitanzi.

Brightson alimwambia dada yake jambo moja tu la maana: kila kontena lililopita kinyemela, Mbwana aliliandika kwenye kompyuta ya nyumbani kwake. Ndiyo maana leo, Alhamisi alasiri, Tusajigwe anayefundisha kompyuta kwenye chuo cha uhazili Chang'ombe yupo Mtoni, ndani ya nyumba ya mtu ambaye kaka yake anaambiwa kamuua. Mjane mwenyewe, Somoe, ndiye aliyemkaribisha. Kasema hata yeye haamini kwamba Brightson ndiye muuaji.

Umeshika? Haya, twende.

Tusajigwe alitoa mikono. Alimgeukia Somoe aliyekaa ukingoni mwa kitanda, gauni jeupe lisilo na ua hata moja, ushungi umefunika nywele zote. Somoe hakutikisika. Alimnong'oneza kwamba huyo ni Mwishehe, kaka mkubwa wa marehemu, na kwamba asiogope, hawezi kuingia.

Kweli hakuingia. Mjane aliye edani haonani na mwanamume anayeweza kumuoa, na shemeji yumo katika hao. Somoe alikuwa amebakiza wiki moja kutimiza miezi yake minne na siku kumi. Chini ya pazia Tusajigwe aliona miguu miwili ndani ya makubadhi, imesimama palepale kwenye kizingiti. Akatoa shikamoo. Marahaba ilikuja, lakini kavu kama muhogo wa juzi.

Mwishehe alisema hataki ugomvi na mtoto wa watu. Anachotaka ni mdogo wake apumzike kaburini, mambo yake yasipekuliwe na kila mwenye kiherehere. Halafu akatoa neno lililomfanya Tusajigwe ashike meza.

"Usijisumbue. Mle hamna kitu. Mwezi wa tano nilileta fundi, akaifomati yote."

"Uliifuta wewe, baba?"

"Mie mwenyewe. Jumatatu mpelelezi akija kuichukua, atabeba bati tupu. Na wewe usipotoka, nakwenda kumwita mjumbe aje akutoe."

Somoe akamjibu kwa upole uliokuwa na makali ndani yake. Alimwambia chumba ni chake, mgeni ni wake, na kina mama waliokaa mikekani ukumbini wanamsikia anavyopaza sauti kwenye nyumba ya msiba. Makubadhi yaligeuka. Mlango wa mbele ukafunguliwa na kubamizwa.

Najua unachowaza, msomaji wangu. Umeshamfunga Mwishehe pingu na kumpandisha karandinga. Subiri kwanza.

Tusajigwe alipiga hesabu. Mjumbe wa mtaa ule haendi popote bila kutafuta kofia yake, miwani yake na muhuri wake. Hiyo ni nusu saa. Baada ya hapo atatolewa nje mbele za watu, na Jumatatu Brightson atasimama mahakamani mikono mitupu.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokijua yeye, ambacho Mwishehe hakukijua. Aliwajua mafundi wa mji huu.

Mafundi wetu, Mungu awape heri, wana dawa moja kwa magonjwa yote. Kompyuta ina virusi, fomati. Imekuwa nzito, fomati. Printa haichapi, na yenyewe fomati. Wanaandika format c:, wanabonyeza Y, wanaagiza soda. Na wakisema wamefuta yote, wanaamini kabisa wamefuta yote. Ila amri ile inafuta C peke yake. Kitu ambacho hakikupewa jina la C hakiguswi, na fundi mwenyewe hana habari kama kipo.

Diski moja inaweza kukatwa vipande, vile kiwanja cha Tegeta kinavyouzwa kwa watu wawili. Tofauti ni kwamba diski ina jedwali mwanzoni mwake linaloonyesha kila mpaka ulipo, na jedwali hilo halidanganyi ukubwa.

Tusajigwe aliisukuma disketi ya Dosi, mfumo waliouzoea mafundi, akawasha. Akaandika fdisk, amri ya kulisoma lile jedwali, akachagua namba nne, ile ya kuangalia bila kugusa kitu.

Mistari miwili ilitokea kwenye kioo. Wa kwanza ulikuwa C, megabaiti mia mbili na tatu. Wa pili haukuwa na herufi. Ulikuwa na megabaiti mia mbili na tisa, na mahali pa kuandika aina yake Dosi iliandika Non-DOS basi, maana yake nimeona kitu hapa lakini si cha ukoo wangu, msiniulize zaidi.

Nusu nzima ya diski ilikuwa imekaa kimya tangu mwezi wa nne, na fundi wa Mwishehe alipita pembeni yake.

"Umeona nini?" Somoe aliuliza kutoka kitandani.

Tusajigwe alimweleza kwamba kuna kipande cha pili, hakikufutwa, ila hajajua ni cha aina gani wala kama kina kitu. Somoe akauliza kama fundi wa polisi naye angekiona. Tusajigwe alisema inategemea, wengi wangeishia kwenye C wakaandika ripoti. Somoe alishusha pumzi ndefu. Masikini, Tusajigwe alimwonea huruma, akamwambia asiwe na wasiwasi, haki ya mumewe itapatikana humu humu.

Akatoa disketi mbili nyingine mkobani. Alizipata kwa Benedikto, rafiki yake wa Mlimani anayelinda mashine za chuo kikuu, na zilikuwa na mfumo ambao mjini hapa huulizii dukani ukaeleweka, unaitwa Linux. Alisukuma ya kwanza. Mashine ilikoroma, ikakwaruza, ikamwaga maandishi meupe. Ikaomba ya pili. Taa ya chumbani ilififia mara moja, na Tusajigwe akafumba macho, kwa sababu umeme ukikatika sasa hivi hakuna tena. Taa ikarudi.

Ukumbini kina mama walikuwa wakizungumza chini chini. Kijiko kiligonga kikombe. Mbali kidogo lori lilikuwa likirudi nyuma, utingo anapiga bati.

Aliandika fdisk -l /dev/hda, akabonyeza.

Mstari wa kwanza ulikuwa ule ule wa Dosi. Wa pili uliitwa hda2, na safari hii aina yake ilitajwa wazi: namba 82, Linux swap.

Tusajigwe aliusoma mara tatu. Halafu mabega yakamshuka, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyaruhusu.

Ngoja nikwambie kwa nini. Kipande cha namba 82 si ghala. Ni mahali ambapo mashine hutupa vitu vyake kwa muda kumbukumbu yake ikijaa. Hapo mtu hahifadhi barua wala orodha. Ukizima mashine, kilichomo hakina maana tena. Kama kipande cha Mbwana ni hicho, basi Brightson amekwisha.

Alimwona kaka yake vile alivyomwona Jumamosi nyuma ya nondo, shingo imekuwa nyembamba, akimwuliza kama mama yao Tukuyu ameambiwa. Hajaambiwa. Nani atamwambia?

Somoe alimwona analia, akamwambia kwa sauti laini kwamba kama hamna kitu, hamna kitu, amejitahidi, aizime tu mashine anywe chai.

Tusajigwe alinyoosha mkono kwenye swichi. Mkono ukaishia njiani.

Mashine ilipokuwa ikiamka ilihesabu kumbukumbu yake, naye aliiona hesabu hiyo kwa macho yake. Megabaiti nane. Mashine ya megabaiti nane hupewa kipande cha swap cha kumi na sita, au ukipenda makuu thelathini na mbili. Mia mbili na tisa ni za nini? Benedikto alishamwambia kwamba mfumo wenyewe unaweza kutumia mia na ishirini na nane tu, zaidi ya hapo ni kupoteza nafasi.

Na Mbwana hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. Mbwana alikuwa karani wa yadi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kuandika kwenye karatasi kilichomo ndani ya kontena, na kosa aliloligundua Brightson ni kwamba karatasi zake zilisema nguo za mitumba mahali palipokuwa na kitu kingine kabisa.

Namba 82 nayo ni karatasi tu. Mtu yeyote anayeijua fdisk anabonyeza herufi moja, anaandika aina anayoitaka, anahifadhi. Kilichomo ndani hakibadiliki hata chembe. Mafundi wote, hata wale wachache wanaoijua Linux, wangeiona 82 wakaenda zao.

Tusajigwe alijifuta machozi kwa kiganja.

Alianza na dd, amri ya kunyofoa sehemu ya mwanzo ya kipande na kuimwaga kwenye kioo ilivyo. Swap ya kweli ina alama yake, neno SWAP-SPACE, limeandikwa mwishoni mwa kilobaiti nne za kwanza. Zilitoka takataka za herufi zisizosomeka. Akatafuta lile neno kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Halikuwepo.

Kipande hiki hakikuwa swap. Kilikuwa kimevaa jina la watu.

Sasa akakisia aina yenyewe, ext2, ile ambayo Linux huhifadhia mafaili. Aliandika taratibu, na akaweka alama ya kusoma tu ili asije akaharibu ushahidi: mount -r -t ext2 /dev/hda2 /mnt. Akabonyeza, akangoja.

Mashine haikusema kitu. Mfumo ule ukikataa jambo ndipo unapopiga kelele, ukikubali, unanyamaza. Kipande kilikuwa kimefunguka.

Aliandika ls -l /mnt.

Mafaili yalikuwa manne. Matatu yaliitwa kontena1, kontena2 na kontena3, na tarehe zake zilikuwa za mwezi wa tatu na mwanzoni mwa mwezi wa nne. Tusajigwe alitaka kucheka. Orodha ipo. Brightson alisema kweli.

Kisha akaliona faili la nne. Liliitwa soga. Mbele yake palikuwa na Aug 19, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi.

Kwanza aliilaumu saa ya mashine. Mashine za mitumba betri zake hufa, tarehe zikaruka ovyo. Akaandika date. Ikamjibu Alhamisi, tarehe ishirini na moja Agosti 1997, saa kumi na dakika ishirini na tano. Alitazama saa yake ya mkononi. Zilikuwa sawasawa.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa juzi. Jumanne ya wiki hii.

Mbwana alizikwa mwezi wa nne. Fundi alikuja mwezi wa tano. Na Somoe alimwapia mlangoni kwamba tangu fundi aondoke hakuna aliyeigusa mashine, kwamba yeye mwenyewe hajui hata inawashwa upande gani.

Hakugeuka. Mwenye akili angezima pale pale, akaaga, akatoka mbio. Lakini mwenye akili hana kaka anayesubiri kitanzi. Aliandika cat /mnt/soga.

Maandishi yalipanda kwenye kioo. Yalikuwa ya watu wawili wanaojibizana, mmoja anaandika, mwenzake anapokea.

Dada yake Brightson kaja tena jana. Analia. Anataka kuiangalia mashine.

Mkubalie.

Wewe mzima kweli?

Mkubalie. Anazifundisha hizi. Yeye asipoona kitu, wa polisi hataona. Nami nitalala usingizi.

Si ufute tu yaishe?

Orodha ile ndiyo inayowazuia wenye makontena wasiniue kweli. Na mashine ikipotea wiki hii, mpelelezi atashtuka.

Na huyo dada akiona?

Alhamisi nitakuwepo. Nitakaa ukumbini na kina mama kama kawaida. Utaniita.

Baba Najma, mie nimechoka na eda ya mtu aliye hai. Kaka yako Mwishehe analia kila Ijumaa kaburini kwa mtu asiyemjua.

Imebaki wiki. Brightson akihukumiwa, hakuna tena wa kunitafuta.

Tusajigwe alisoma, akafika mwisho, akarudi juu. Najma ni binti wa nyumba ile, wakati huo yuko madrasa. Baba Najma ni Mbwana. Hakuna Baba Najma mwingine.

Akaelewa jinsi ilivyokuwa. Mjane aliye edani hutembelewa na wanawake asubuhi na jioni, wanaingia na mabuibui yao, wengine wamefunika nyuso, na nani atamwambia mgeni wa msiba ajifunue? Mwanamume ndani ya buibui anaweza kupita katikati yao na kuingia chumbani. Kitu kimoja tu hawezi kukifanya, nacho ni kusema. Sauti ya kiume ikitoka chumbani kwa mjane, ukumbi mzima utasimama. Basi walikuwa wakizungumza kwa kuandika, mke na mume, bega kwa bega mbele ya kioo hiki hiki.

"Unasoma pole pole, mwalimu," Somoe alisema nyuma yake. "Mie ningekuwa nimeshamaliza."

Alikuwa amesimama. Upole ulikuwa umemtoka wote, na uso wake ulionekana umechoka, uso wa mtu aliyebeba uongo miezi minne na hana pa kuutua. Alimwambia Tusajigwe kwamba hakuwa na ubaya naye. Alimwombea kabisa asione kitu, alimpa na nafasi ya kuzima mashine anywe chai, na yeye hakuitaka. Halafu akaenda mlangoni, akasogeza pazia, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa ya mwenye nyumba.

"Bibi wa Tegeta, karibu ndani mara moja."

Mkeka ulikwaruza. Akaingia mtu mrefu, buibui mpaka sakafuni, uso umefunikwa, macho tu. Hakusalimia. Somoe alifunga mlango wa mbao nyuma ya pazia, akaweka komeo.

Mgeni alikaa ukingoni mwa kitanda, karibu mno, hata Tusajigwe akasikia harufu ya sigara kwenye lile buibui. Akapeleka mikono kwenye kibodi. Vidole vilikuwa vinene, vyenye vinyweleo, na kimoja kilikuwa na alama nyeupe mahali pete ilipokaa miaka mingi. Viliandika haraka, bila kutazama herufi.

Nina mtu chumba kimoja na Brightson. Ukipiga kelele leo, Jumatatu hafiki mahakamani.

Akabonyeza. Mashine ikalalamika kwamba amri hiyo haijulikani. Akaandika tena.

Ukiacha kaka, nani mwingine anajua uko hapa?

Akaisogeza kibodi mbele ya Tusajigwe, akakunja mikono mapajani kama mgeni mwenye adabu zake.

"Mjibu," Somoe alisema polepole. "Andika tu. Usiseme, kina mama wanasikia."

Ukumbini mtu alicheka, akaomba aongezewe sukari. Tusajigwe aliweka vidole kwenye herufi. Miezi minne alikuwa akitafuta ushahidi kwamba kaka yake hakumuua Mbwana. Sasa ushahidi ulikuwa umekaa kitandani pembeni yake, unapumua, unamngoja amtajie jina.